Kuwaona samaki wakiwa hai: safari ya mama na binti kutoka Tabora hadi Ujiji

Watoto wengi wa Tabora wanamfahamu samaki akiwa tayari amekufa. Dagaa wa Kigoma wanafika kwenye magunia, migebuka wanafika wamekaushwa, na mtoto anayetumwa sokoni hurudi na harufu yao mikononi. Samaki anayeogelea ni wa kwenye simu.

Ndivyo ilivyoanza kwa binti mmoja wa miaka 11, mkazi wa Isevya. Aliona video ya watoto wa Zanzibar wakiwa wamelala kifudifudi juu ya maji, miwani usoni na mrija mdomoni, wakiwatazama samaki wa rangi kwenye matumbawe. Akataka na yeye. Mama yake akamjibu kwamba Zanzibar ni mbali na nauli hakuna. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa sababu yenyewe.

Sababu yenyewe ni mdogo wake mama, aliyezama kwenye lambo wakati wa mvua akiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo, katika ukoo huo mtoto akisogelea maji anaitwa kwa ukali. Hakuna aliyejua kuogelea, na hakuna aliyetaka kujua.

Aliyeharibu mambo, au kuyatengeneza, ni wifi yake anayeishi Ujiji. Alisikia habari za Zanzibar kwenye simu akacheka. "Wifi, mnataka kwenda kutafuta samaki wa rangi baharini, na sisi wametujaa hapa? Mlete mtoto." Mama alipomweleza hofu yake, wifi hakucheka tena. Alisema tu kwamba watoto wa Ujiji hufundishwa maji wakiwa wadogo, kwa sababu hata ukimkataza mtoto, ipo siku atayafuata akiwa peke yake.

Maneno hayo yalimkaa mama wiki nzima. Mdogo wake naye alikuwa amekatazwa.

Reli ya Tabora hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 400, na ilifika ziwani mwaka 1914 ikifuata mwelekeo wa njia ya zamani ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita huko kwa miguu, wakipeleka pembe za ndovu Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na makombe ya bahari. Mtemi wa Unyamwezi aliweza kuvaa kibangwa, kisahani kilichokatwa kwenye kombe la pwani, bila ya kuiona bahari yenyewe hata siku moja. Wazungu Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, Speke alikuwa anaugua macho. Baada ya miezi yote ile ya kutembea, hakuweza kuliona ziwa vizuri. Binti alisimuliwa hayo kwenye behewa, akauliza kama yeye macho yake yako sawa.

Mama aliweka masharti: mtoto avae jaketi la kuokolea, asivuke mahali ambapo shangazi yake anaweza kusimama, na waingie asubuhi kabla upepo haujachafua maji. Shangazi akaongeza la kwake: wasiingie popote kabla ya kuwauliza wavuvi wa hapo kuhusu mamba. Nalo ni sharti ambalo mgeni yeyote wa ziwa hilo hapaswi kuliruka.

Walichagua ufukwe wa kusini mwa mji wa Kigoma, wenye mchanga katikati na miamba pembeni. Kiangazi maji ya hapo ni maangavu kiasi kwamba ukisimama kifuani unaona kucha za miguu. Ni ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470 mahali pa ndani kabisa, la pili duniani kwa kina, lakini samaki wa kutazamwa kwa miwani wako hapo hapo kando, kwenye mawe, ambako mwanga unafika na ukoga unaota.

Binti alizamisha uso, akautoa haraka, akakohoa, akazamisha tena. Ilimchukua kama robo saa kuacha kupumua kwa hofu. Kisha akanyamaza, na kwa mama aliyesimama ukingoni kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Akavua kandambili, akaingia na gauni lake hadi magotini, halafu kiunoni.

"Mama, njoo uone! Wanatembea!"

Walikuwa wale samaki wadogo wa kwenye kokoto, wenye vidoa vya bluu usoni, ambao wataalamu wanawaita Eretmodus. Hawaelei vizuri kama wenzao. Wanarukaruka juu ya mawe kama panzi, na hilo linawafaa mahali mawimbi yanapopiga. Mambo yao ya nyumbani ndiyo ya ajabu zaidi. Mama hutaga mayai na kuyahifadhi mdomoni. Baada ya siku kumi hivi humkabidhi baba, naye anayabeba mdomoni mwake mpaka watoto waweze kujitegemea. Shangazi alipolieleza hili, mama alisema kwamba atamfikishia salamu hizo mtu fulani aliyebaki Tabora.

Ziwa hilo lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii hiyo ya perege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wapo wanaolea kwa kusaidiana: vijana wakubwa hawaondoki nyumbani, wanabaki kulinda mayai na wadogo zao kwenye nyufa za mwamba. Wapo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Yupo anayekula magamba ya wenzake, mdomo wake ukiwa umepinda upande mmoja ili amwibie vizuri kutoka ubavuni. Na yupo kuhe, mkubwa kuliko wote, ambaye wavuvi wanamjua kwa ladha yake na samaki wadogo wanamjua kwa meno.

Makombe ya ziwa yanafanana na ya bahari, yana miiba na mikunjo, hata mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Moore, alishikilia kwamba ziwa hilo liliwahi kuungana na bahari. Hakuwa sahihi. Kaa wa ziwani wanavunja konokono kama wafanyavyo kaa wa baharini, na konokono nao wakajijengea kuta nene. Binti aliokota moja, akakatazwa kuingiza mkono kwenye matundu ya miamba kutafuta mengine. Humo hujificha nyoka wa maji, swila anayekula samaki. Hana haja na watu, lakini ana sumu.

Siku ya tatu mama naye aliazima miwani. Alishikwa mkono na wifi upande mmoja na binti upande wa pili, akainamisha uso. Hakuogelea. Aliangalia tu kwa muda, akainuka na kusema mdogo wake angependa.

Kuna jambo ambalo wazazi wanaosifia maji mara nyingi hulipita haraka, nalo ni kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia yenye majani na matete, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Mahali penye mawimbi na mawe hatari hupungua, haiishi. Kupima mara tu unaporudi nyumbani hakusaidii sana, maana mayai huchukua wiki kadhaa kuonekana. Wao walisubiri miezi miwili.

Kipimo cha choo cha binti kilikuwa safi. Cha mama kilionyesha mayai. Alipokumbuka vizuri, siku zote za Ujiji alikuwa akimsaidia wifi kufua nguo jioni kwenye ghuba ndogo yenye majani, maji yakimfika magotini, huku macho yote yakiwa kwa mtoto.

Dawa ni zile zile za prazikwanteli ambazo watoto hupewa shuleni kwa kupimwa kimo. Alizimeza baada ya kula, kama alivyoelekezwa, akalala na kizunguzungu. Kesho yake akampigia wifi, amwambie ahame ile ghuba na awapeleke watoto wake wote wakapimwe.