Karatasi Moja Chini ya Gari

Tanga

Mpwa wangu Idrisa,

Bibi yako anasema kwa kuwa gari limeshatoka bandarini, hataki tena kusikia kwamba nauli ya kuja Tanga imepanda.

Picha ya Subaru Impreza yako nimeiona, na ya zile rimu za inchi 19 nimeiona pia. Umeniuliza uchukue za shaba au nyeusi. Rangi nakuachia mwenyewe. Nitajibu lile ambalo hukuniuliza. WRX STI ya 2006 ibaki kwenye inchi 17 ilizotoka nazo kiwandani, na fungu kubwa la fedha uliyotenga liende kwenye matairi. Kazi ya rimu ni kulishika tairi. Anayeanza na rimu kisha akatafuta tairi la kuienea ni sawa na aliyenunua kofia, sasa anazunguka na kofia mkononi akitafuta kichwa.

Karatasi hii iweke sakafuni uitazame. Ni A4 ya kawaida, eneo lake sentimita za mraba 624. Gari lako, na wewe ukiwa ndani, tulikadirie kilo 1,500. Ukijaza upepo wa psi 33, kila tairi litabonyea mpaka sehemu inayogusa lami iwe kubwa kiasi cha kuubeba uzito wake kwa upepo huo. Gawa uzito kwa upepo, unapata sentimita za mraba 650 hivi kwa matairi yote manne. Ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, kwa hiyo hesabu hii si ya mizani ya sonara, lakini inatosha kukuonyesha jambo: turubo, breki za Brembo na ile mifumo yote uliyolipia ushuru inafika barabarani kupitia karatasi moja iliyochanwa vipande vinne. Sasa angalia kilichoingia kwenye hesabu. Umeingia uzito, umeingia upepo. Kipenyo cha rimu hakikuingia. Tena matairi ya 235/35R19 kwa kawaida ni yale yaliyoandikwa XL, ambayo huhitaji upepo mwingi zaidi ili yabebe mzigo uleule. Ukiyajaza psi 38, karatasi yako inashuka hadi sentimita za mraba 560 hivi. Umelipa zaidi, umepewa karatasi ndogo.

Utaniambia tairi pana hushika zaidi, ndiyo maana magari ya mbio yana matairi mapana. Hapo una haki nusu. Tairi pana halikuongezei sana eneo, linabadilisha umbo lake: alama inakuwa fupi na pana, jambo linalosaidia kwenye kona, na joto linasambaa vizuri zaidi kiasi cha kumruhusu mtengenezaji kutumia mpira laini. Lakini ni ule ulaini unaoshika zaidi, na matairi laini ya mbio huisha mchana mmoja, nawe unataka ya kwenda kazini mwaka mzima. Halafu kuna masika. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, waliokuwa wakishughulikia matairi ya ndege, walionyesha kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji hutegemea upepo uliomo ndani yake. Ukiichukua fomula yao kama mwongozo tu kwa tairi la gari lililokwisha meno, psi 33 inakupa kilomita 96 kwa saa, na psi 20 inakupa 75. Tairi lenye meno mazuri huhimili zaidi ya hapo, kwa sababu mifereji yake ina mahali pa kuyapeleka maji. Alama pana na fupi ina maji mengi zaidi mbele yake ya kusukuma. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya sentimita mbili za upana na milimita tatu za meno, katika mvua ya Aprili nachukua meno bila kufikiri.

Tuje kwenye ubavu, maana hapo ndipo inchi 19 zinapokugharimu. Muuzaji hakukudanganya alipokwambia kipenyo cha gurudumu zima hakitabadilika. Tairi la 235/45R17 lina kipenyo cha milimita 643, na la 235/35R19 lina 647, hivyo hata spidomita haitashtuka. Ila gurudumu likibaki kimo kilekile huku rimu ikikua, kuna kitu kimeliwa katikati. Ubavu wa kwanza ni milimita 106, wa pili ni 82. Zimeondoka milimita 24 za mpira na hewa kila upande, nazo ndizo zinazosimama kati ya alumini na ncha ya shimo. Hewa hiyo ni springi ya kwanza ya gari, inafanya kazi kabla shokapu haijajua kama kuna kitu kimetokea. Ikipungua, tuta lisilochorwa na mdomo wa lami iliyomeguka huingia moja kwa moja kwenye rimu, na kinachobaki hupelekwa kwenye beringi na bushi.

Kama unadhani haya ni maneno ya wazee waoga, watazame wanaoendesha kwa kasi kuliko sisi sote. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Magari ya mashindano ya dunia ya rally leo, yakiwa kwenye changarawe kama ya Naivasha, Kenya, huvaa rimu za inchi 15 zenye matairi ya ubavu mrefu. Yakienda kwenye lami, yaleyale huvaa inchi 18. Hawa ni watu ambao sekunde moja kwao ni mkate, na fedha ya rimu wanayo. Wanachagua kwa kuitazama barabara iliyo mbele yao. Wewe huwezi kushuka hadi 15, kwa kuwa kaliperi za Brembo zinahitaji nafasi. 17 ndiyo ndogo kabisa iliyo salama kwako, na hata hizo si zote zinazopita, lazima ujaribishe kwanza na kuona spoki haigusi kaliperi. Kwa hiyo hoja ya kwamba rimu kubwa inaruhusu breki kubwa haikuhusu: breki kubwa unazo tayari, na kiwanda kilishazipatia nafasi ndani ya 17.

Kuhusu uzito, vijana wa gereji watakwambia kilo moja kwenye gurudumu ni sawa na kilo kumi kwenye bodi. Hapana. Katika kuongeza mwendo, hata uzito ulio ukingoni kabisa mwa gurudumu unahesabika mara mbili tu, mara moja kwa kusogea mbele na mara moja kwa kuzunguka. Hasara kubwa iko kwingine: gurudumu zito likirushwa na tuta linachelewa kurudi chini, na wakati liko hewani ile karatasi yako imebaki vipande vitatu. Rimu ya 19 ya kumiminwa kwenye kalibu, ile ya bei nafuu, huwa nzito kuliko 17 ya kufuliwa, na uzito wake umewekwa mbali zaidi na kitovu.

Nakubali mambo mawili. Ubavu mfupi hufanya usukani uitikie upesi, na anayeshindana kwenye lami laini kama kioo ana sababu ya kuutafuta. Nakubali pia kwamba 19 zinapendeza. Uzuri si dhambi, na kijana kulipenda gari lake si jambo la kumkemea. Lakini 17 nyepesi yenye ofseti sahihi, ikikaa sawasawa na ukingo wa bodi, inapendeza machoni mwa anayejua, na hao ndio unaotaka wakusifie.

Sasa matairi. Nunua manne kwa pamoja, ya aina moja na ukubwa mmoja. Hapa sikupi nafasi ya kujadiliana, kwa sababu gari lako linavuta magurudumu yote. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, yaani milimita sita na kitu. Ukiigeuza kuwa kina cha meno, hiyo ni milimita moja tu. Mawili mapya mbele na mawili nusu maisha nyuma maana yake difu ya katikati inasagana siku nzima hata kwenye barabara iliyonyooka, na bei yake unaijua. Ubavuni soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno ya kupendeza huku mpira wake umekauka kama ngozi ya ngoma. Angalia pia kama pameandikwa STUDLESS. Magari kadhaa hufika kutoka Japani na matairi hayo ya barafu, ambayo mpira wake umepikwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7. Kwenye lami ya Chalinze saa nane mchana yanalegea na kuogelea kwenye kona. Kama gari lako lilikuja nayo, yatoe kabla ya jambo lolote. Alama ya mzigo iwe 94, ambayo ni kilo 670 kwa tairi, na herufi ya mwendo iwe W.

Ukishayalipia matairi, kilichobaki ndiyo bajeti ya rimu, na kama hakitoshi baki na za kiwandani bila aibu. Kikitosha, kuwa mwangalifu na mambo haya. STI kuanzia modeli ya 2005 ina boliti tano kwenye duara la milimita 114.3, wakati WRX ya kawaida ya miaka hiyo ina 100, kwa hiyo si kila rimu ya Subaru ni yako. Za Toyota Mark X zina 114.3 vilevile, ila tundu lake la katikati ni 60.1 na kitovu cha gari lako ni 56.1, kwa hiyo bila ringi ya kuziba pengo hilo usukani utatetemeka, nawe utamlaumu fundi wa balansi bure. Nati za Toyota zina uzi wa 1.5, za kwako 1.25. Ukizilazimisha zitaingia, na zitaondoka na uzi wa boliti. Zile za shaba kwenye picha zina sura ya TE37, rimu ya kufuliwa ambayo kampuni ya Rays iliitoa mwaka 1996 na ambayo imeigwa kuliko pengine nyingine yoyote. Geuza ndani utafute mihuri ya JWL na VIA. Wa kwanza mtengenezaji hujigongea mwenyewe, wa pili unapitia kwa wakaguzi wengine. Pitisha kidole ukingoni kwa ndani ukitafuta mstari wa kuchomelea. Alumini iliyochomelewa imepoteza ugumu iliopewa kiwandani, hata ikipakwa rangi ya shaba.

Usilipe chochote kabla ya Jumamosi. Nitumie picha mbili: ubavu wa tairi, namba za DOT zikisomeka, na upande wa ndani wa rimu, ukishaufuta vumbi. Na bibi yako anakumbushia ile nauli.

Mjomba wako