Diwani, Baraza na Kitanda cha Sebuleni



Sisi watunzi tukilitaja neno diwani, fikira hutukimbilia vitabuni: Diwani ya Mnyampala, au ule mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Jirani yangu asiyejishughulisha na mashairi akilisikia neno hilohilo humkumbuka mtu aliyempigia kura katika kata yake. Kuna na maana ya tatu ambayo haikutia nanga pwani yetu. Huko Ulaya, divan ni kiti kirefu chenye mito, na kwa Waingereza ni aina ya kitanda.

Mambo haya matatu yana asili moja. Kwa Waajemi na Waarabu diwani ilikuwa daftari. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab aliweka diwani ya majina ya waliostahiki posho ya dola. Daftari likazaa ofisi, na ofisi ikazaa kikao cha wakuu. Huko Istanbul, wakuu wa dola ya Uthmaniya walikaa kikaoni juu ya viti virefu vilivyotandikwa mito kandokando ya kuta. Wazungu wakakitwaa kile kiti na kukiita kwa jina la kikao. Maana ya mkusanyo wa mashairi nayo ikaendelea na safari yake, hata Goethe, Mjerumani, akakiita diwani kitabu chake cha mwaka 1819.

Kiswahili kimeipita njia hiyohiyo kikitokea upande wa pili. Baraza kwetu ni kile kiti cha mawe na chokaa kilichojengwa mbele ya nyumba, Lamu au Unguja, wazee wanapoketi jioni kuzungumza. Kutokana na mazungumzo hayo tukapata Baraza la Mawaziri, na mwaka 1967 tukapata Baraza la Kiswahili la Taifa. Wenzetu walianza na kikao wakaishia kwenye kiti. Sisi tulianza na kiti tukafika kwenye kikao. Tena usiku wa joto, wazee wakishaondoka, barazani palepale hujilaza mtu aliyeshindwa na fukuto la ndani, au msafiri asiye na mwenyeji.

Maneno mengine ya ukoo huu yana habari kama hiyo. Sofa chimbuko lake ni suffa ya Kiarabu. Katika msikiti wa Mtume, Madina, suffa ilikuwa sehemu yenye kivuli walimokaa na kulala masahaba maskini wasiokuwa na makazi, Abu Huraira akiwa mmoja wao. Kochi nalo tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwenye kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kulala. Hivyo basi, vitu tunavyowakalishia wageni wetu kwa fahari vimebeba ndani ya majina yao kumbukumbu ya mtu aliyelala. Anayedhani kwamba kiti cha kulalia ni uzushi wa madukani wa juzi, na ayaulize maneno.

Mimi niliyajua haya kwa mgongo kabla ya kuyajua kwa kamusi. Nilipokuwa nasoma sekondari nilikaa kwa baba yangu mdogo, Dar es Salaam, katika moja ya zile nyumba za vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Yeye alipanga viwili: chumba na sebule. Sebuleni palikuwa na kochi la mbao la watu watatu, na mito yake mitatu ya sponji ndiyo iliyokuwa godoro langu. Niliipanga sakafuni, nikaitandika shuka, na kila usiku iliachana taratibu, hata kufika alfajiri kiuno changu kilikuwa juu ya saruji.

Saruji haikunisumbua sana, maana nilikuwa kijana. Kilichonielemea ni saa. Alalaye sebuleni hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mgeni akinogewa na mazungumzo mpaka saa sita, kitanda changu kilikuwa kimekaliwa, nami nilisinzia kigodani nikijibu "naam" nisipoulizwa. Hakuna aliyenitesa. Baba mdogo alinilisha na kunisomesha, Mungu amrehemu. Ila wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kunguni wa kitanda kile walikuwa wageni wenye adabu zao.

Nilipofika chuo cha ualimu nilipewa kitanda cha chuma cha futi mbili na nusu. Wenzangu walilalamika kuwa kilipiga kelele. Mimi nilikipenda, kwa kuwa mchana hapakuwa na mtu mwenye haki ya kukikalia bila ruhusa yangu.

Sasa nimestaafu, nami naishi katika nyumba ndogo. Mwaka jana binti yangu alimleta mwanawe akae kwangu asome sekondari. Nikaenda Keko kwa mafundi seremala kutafuta fanicha ya kazi mbili. Fundi alinionesha jinsi egemeo linavyolazwa kwa bawaba, na droo ya chini ya kuhifadhia shuka. Nikamuuliza jina lake. Akasema, "Mzee, hiyo ni sofa bedi."

Nimelitafakari sana jina hilo. Katika Kiingereza, neno la mwisho ndilo lenye mzigo: kitu hicho ni kitanda, chenye sura ya sofa. Sikio la Kiswahili hufanya kinyume. Bata mzinga ni bata. Askari kanzu ni askari. Kwetu la kwanza ndilo bwana, la pili humfafanua. Kwa hiyo tukisema sofa bedi, au hata kochi kitanda, masikioni mwetu tumeshaamua kuwa kitu hiki ni cha wakaaji, na mlalaji ni mpangaji wao wa usiku.

Mimi nyumbani kwangu nakiita kitanda kochi. Ni kitanda cha mjukuu wangu, naye hutukopesha mchana ili tupate mahali pa kukaa. Saa nne usiku deni hulipwa: televisheni huzimwa, na mgeni aliyebaki huhamia nami kwenye viti vya plastiki uani. Baadhi ya rafiki zangu wameona ni ukali. Mmoja alinitania, "Mwalimu, bado unagonga kengele?" Nikamwambia ndiyo, na tukaendelea na kahawa yetu nje, na kijana akalala.

Lugha yetu hulitumia neno kukaa kwa maana ya kuketi na kwa maana ya kuishi. "Unakaa wapi?" tunamuuliza mtu, nasi tunataka kujua anapolala. Ningefurahi kuwasikia washairi wa Mvita, Unguja na Lubumbashi: kwenu kitu hiki chaitwaje? Na katika jina hilo, nani ametangulizwa, aliyeketi au aliyelala?