Zawadi ya Mama: Siku Moja Nyuma Yake, Kutoka Shambani Hadi Ziwa Nakivale

Mwezi huu nataka kuwatembeza hapa kwetu Nakivale, lakini si kwa njia ile mliyoizoea ya ofisini, bombani na kwenye mgao. Tutafuata miguu ya mama mmoja, na huyo mama ni mama yangu mzazi. Nilimfuata siku nzima ili nijue nimnunulie zawadi gani ya kuzaliwa. Nilidhani najua. Kumbe sikujua kitu.

Kwanza niseme juu ya hiyo siku ya kuzaliwa. Kwenye karatasi za mama imeandikwa tarehe 1 Januari 1954. Angalieni na karatasi za nyumbani kwenu, wengi mtakuta tarehe hiyo hiyo. Mtu akifika mapokezi hajui siku aliyozaliwa, karani anakisia mwaka, halafu siku anaweka ya kwanza ya mwaka. Ndiyo sababu katika uwanja wetu wenye nyumba sita, wazee wanne wamezaliwa siku moja kama mapacha. Mama hucheka na kusema, "Ile ni sikukuu ya karani, si yangu."

Yeye ana hesabu yake. Alizaliwa karibu na Baraka, upande wa Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Congo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, alikuwa tayari anabeba mdogo wake mgongoni. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ile ya mwanzo ya 1960 na kumeza nyumba za ufukweni, alisaidia kuhamisha vyungu. Na bibi alimwambia kwamba alizaliwa usiku wa giza, mwezi haupo, ziwa limejaa taa. Wanaotoka kule wanaelewa: ndagala huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri mwezi ukiwa haupo. Basi mama hajui tarehe, lakini anajua alizaliwa usiku wa namna gani.

KITI TULICHOKOSEA

Mwaka uliopita sisi watoto wake tulimnunulia kiti. Kiti kizuri cha plastiki, chenye mikono, rangi ya kijani. Tulisema mama amefikisha miaka sabini, amelima vya kutosha, sasa akae kivulini. Tukampa mbele ya majirani, tukapiga makofi. Mama akasema aksanti, akakaa kidogo, akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni.

Tangu siku hiyo kiti kilikaa nyuma ya mlango. Akija mgeni, kinatolewa. Mgeni akienda, kinarudi. Mama mwenyewe alibaki na kigoda chake cha zamani, tena kwa dakika mbili tu, maana hatulii. Jioni moja nikamsikia anamwambia jirani yetu, mama Murundi ambaye ni rafiki yake sana: "Watoto wangu wananipenda, lakini wananiona nimeisha. Mtu akikununulia kiti, anakuambia nini?"

Maneno hayo yalinichoma. Sikulala vizuri. Sisi tulikuwa tumempa upendo, yeye alikuwa amepokea taarifa kwamba kazi yake hapa duniani imekwisha.

Mwaka huu yaya wetu, ambaye alipelekwa Marekani na watoto wake, alituma pesa kwa simu. Mdogo wangu anayefyatua matofali akaongeza, na mimi nikaongeza. Jumla ikawa shilingi 60,000. Yaya akasema tununue blanketi zito. Mdogo wangu akasema redio. Mimi nilitaka kitenge, kwa kuwa kitenge hakikosei. Lakini nikakumbuka kiti kile, nikawaambia: ngojeni kwanza, nimfuate siku moja nione anaishi vipi. Ni aibu kusema, lakini nimeishi na mama yangu hapa tangu mwaka 2012 na sikuwahi kufanya hivyo.

SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI

Tulitoka saa kumi na moja. Nilimdanganya kwamba nataka kumsaidia kupalilia. Akaniangalia tu, akasema, "Haya, Baba, twende." Ananiita Baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake.

Wanaosoma gazeti hili wakiwa kambi nyingine, niwaeleze kidogo. Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Ni ya zamani sana: ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikatambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati wale wa kwanza walikuwa ni Wanyarwanda. Ndiyo maana mahali pengine utamkuta babu na mjukuu wote wamekulia hapa. Sisi twaiita kambi, lakini haina uzio. Ni vijiji vingi vilivyotawanyika juu ya vilima na katika mabonde, na kila familia ilipewa kipande cha ardhi. Waliokuja zamani walipata kikubwa, sisi tuliokuja nyuma tukapata kidogo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo mwenye nguvu haketi.

Na mama ana nguvu. Kipande chetu hakitoshi, kwa hiyo amekodi kingine kwa mwenyeji, ng'ambo ya kilima. Njiani tulipishana na ng'ombe wa Ankole, wale wenye pembe ndefu kama mikono iliyoinuliwa, na mchungaji wao akamsalimia mama kwa Kinyankole. Mama akamjibu kwa Kinyankole! Sikujua kama anakijua. Nilikuwa nahema nyuma yake, yeye anapanda na kuzungumza.

Shambani ndipo nilipoanza kuona. Jembe lake lilikuwa na mpini uliopasuka, ameufunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Halafu ule mpini ulikuwa mrefu kwa kimo chake. Mama yangu ni mfupi. Mpini wa dukani umetengenezwa kwa mwanamume mrefu, na yeye inabidi aushike katikati, mwisho wake unamgonga ubavuni kila anapoinua. Nikamuuliza kama haumii. Akasema, "Kidogo. Inazoea." Nikatazama miguuni: kandambili za mjukuu, moja nyekundu, moja ya bluu.

"Mama, na yale mabuti niliyokununulia?"

"Nilimupa mutoto wa jirani. Anaenda ku masomo mbali, kuna matope."

Hapo nikajifunza jambo la pili. Zawadi unayompa mama haikai kwake. Mabuti yakienda kwa jirani, blanketi litakwenda kwa mama aliyejifungua, sukari itaisha kwa wageni. Si kwamba hapendi zawadi. Ni kwamba anaona watu wanaohitaji zaidi, na mkono wake haujifungi. Kwa hiyo nikaanza kujiuliza: kuna kitu gani ambacho hakimfai mtu mwingine ila yeye?

SOKONI NA ZIWANI

Saa tano tukashuka na fungu la lengalenga na sombe hadi soko la Base Camp. Huko ndiko dunia yote inakutana. Wasomali na maduka yao yaliyojaa hadi juu, Waethiopia na mikahawa yenye harufu ya kahawa na injera, Warundi na maharage, Wakongo na vitenge vilivyoning'inizwa kama bendera, wenyeji na matoke yao. Anayetafuta zawadi hapa hakosi. Anaweza kupotea tu.

Nilimwacha mama auze, nikapita nikiangalia. Kitenge kizuri kilikuwepo, lakini nilijua sanduku la mama tayari lina vitatu ambavyo havijakatwa, anaviwekea harusi. Redio zilikuwepo, lakini atasikiliza saa ngapi? Jioni ana kwaya, Jumamosi ana kikundi cha akiba na wamama wenzake, na yeye ndiye anashika ufunguo wa sanduku.

Aliporudisha kapu likiwa tupu, sikutegemea alichofanya. Badala ya kupanda kwenda nyumbani, akateremka ziwani. Ziwa Nakivale si kubwa na si refu kwenda chini, na pembeni lina mafunjo mengi. Viboko wako, usiku wanatoka kula, kwa hiyo jioni hakuna mtu anayezubaa pale. Maji tunayokunywa wengi wetu hutoka humo, yanasafishwa na kusukumwa kwa mabomba. Mama akanunua ngege mmoja mdogo, akabaki amesimama anatazama wavuvi wakitoa samaki kwenye nyavu.

Nikamwuliza kama anakuja mara nyingi. Akasema kila wiki. "Hili si ziwa letu," akasema. "Ya kwetu hauoni ng'ambo mvua ikinyesha. Lakini harufu ni moja." Halafu akanitazama. "Nikiacha kulima, nitapata wapi sababu ya kufika hapa?"

Ndugu wasomaji, hapo nikaelewa. Shamba kwake si mateso tunayopaswa kumwondolea. Shamba ndilo linampeleka kwa mchungaji wa ng'ombe, ndilo linampeleka sokoni, ndilo linampeleka ziwani. Ukimkalisha kwenye kiti umemfungia njia zote hizo kwa mara moja. Alishaondolewa kwenye ardhi yake mara moja na bunduki. Sisi tulitaka kumwondoa mara ya pili kwa plastiki ya kijani.

MPINI WA MKONO WAKE

Kesho yake mama alipokwenda kwaya, nilichukua kamba, nikapima jembe lake la zamani: pale mkono wa juu unaposhika, pale wa chini unaposhika. Palionekana wazi, mti umeng'aa kwa jasho. Nikazipeleka alama zile kwa fundi seremala. Akatafuta mti wa mkaratusi uliokauka vizuri, akauchonga mfupi, mwembamba kidogo kuliko wa kawaida, akausugua mpaka ukawa laini. Dukani nikachagua jembe dogo jepesi, si lile zito wanalonunua vijana. Kwa vyote viwili nilitumia shilingi 25,000. Na zilizobaki tulinunua ndagala wakavu wa kutoka kwetu, mchele na sukari ya wageni, maana wageni watakuja tu.

Hatukusubiri tarehe 1 Januari ya karani. Tulisubiri mwisho wa Februari, mvua za Machi zikikaribia, usiku ambao mwezi haukuwepo. Tukawasha taa tatu uani. Yaya alikuwa kwenye simu, tumeweka sauti ya juu. Mdogo wangu akasema, "Mama, leo ni usiku wako, wa giza na taa." Mama akanyamaza. Nadhani aliangalia zile taa muda mrefu kuliko alivyoangalia kile tulichomshikisha.

Halafu akaushika mpini. Hakusema aksanti. Akasogeza mkono wa juu, akasogeza wa chini, akainua, akapiga udongo mara moja pale mlangoni. Akasimama.

"Nani alipima mukono yangu?"

Mama Murundi akacheka, akaomba naye ajaribu. Akajaribu, ukamshinda, kwa kuwa yeye ni mrefu. "Huu ni wako tu," akasema. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kusikia kitu hakimfai mtu.

KWA WENYE MAMA ANAYETEMBEA

Si kila mama analima, na sisemi wote mnunue majembe. Ila nimejifunza haya, nawaachia.

Mtazame kabla ya kununua. Siku moja inatosha. Tazama kilichopasuka, kilichofungwa kwa kamba, kinachomgonga ubavuni.

Usinunue umri wake, nunua kazi yake. Anayeshona anahitaji mkasi mkali. Anayesoma Biblia au Kurani kwa kuinyoosha mbali na macho anahitaji miwani, lakini apimwe kwanza kwenye kituo cha afya, usimwokotee tu ya sokoni. Anayetoka kwaya usiku anahitaji tochi. Anayeuza anahitaji mizani isiyodanganya.

Fikiria kama atakigawa. Ukiona atakigawa, tafuta kilicho cha kipimo chake, au nunua viwili, kimoja cha kugawa.

Uliza rafiki yake. Mama hamwambii mtoto anapoumwa, lakini rafiki anajua.

Usikope. Mama akigundua kwamba umekopa, hatalala, na hiyo siyo zawadi tena.

Na kama hujui siku yake ya kweli, mwulize alizaliwa wakati gani: wa mavuno, wa njaa, wa mvua, wa vita, wa taa. Atakueleza. Hayo maelezo andika kwenye daftari, watoto wako watayahitaji.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na mbili, mama alikwisha kwenda. Nilimkuta shambani, mstari wa tatu, anaimba. Nikaomba nimsaidie. Aliponiona nahema kwa kile kilima akacheka sana.

"Rudi nyumbani, Baba," akasema. "Kiti kiko nyuma ya mulango. Ukikalie."

Tukutane mwezi ujao.