Nyota Isiyo na Jina

Matatu ya Kitui ilijaa upesi, nikabanwa dirishani na mkoba wangu wa bahasha na kioo cha kukuzia. Hadi siku hiyo, kumbukumbu za vita nilikuwa nikizinunua kwa wachuuzi wa Nairobi. Nyota ya Burma, ile medali ya shaba yenye ncha sita, Waingereza waliwagawia askari bila kuchonga jina la yeyote. Ukiikuta mezani kwa mchuuzi, hutajua ilining'inia kifuani mwa nani. Ndiyo maana nilitaka kufika kwenye nyumba yenye kitu chenyewe, nikisikie kikisemewa na wenyewe.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Ukambani ulitoa askari wengi wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, ikaingia Burma mwaka 1944 ikipitia bonde la Kabaw wakati wa mvua za monsuni, tope na malaria, hadi ikavuka mto Chindwin huko Kalewa mwezi Desemba.

Wamunyu tulisimama, nikashuka kununua maji. Chini ya miti mafundi walikuwa wakichonga twiga. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge, mtu wa hapa, alikwenda Tanganyika katika Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kuchonga kwa Wazaramo, akarudi na ufundi huo kwao. Mimi niliyekuwa nikiota upanga wa afisa wa Kijapani nilijiona mdogo kidogo. Upanga haujawahi kusomesha mtoto Wamunyu.

Kutoka mjini Kitui bodaboda ilinifikisha kwa bibi mmoja, bintiye askari aliyepigana Burma. Jirani zake wote humwita susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Nilipomweleza shida yangu alinitazama kwa muda.

"Kwa hiyo umekuja kumnunua baba yangu?"

"Hapana, susu. Nimekuja kuona alichorudi nacho."

"Basi kaa, unywe chai kwanza."

Sanduku la bati lilitolewa uvunguni. Juu kulikuwa na noti za rupia zilizotolewa na Wajapani kwa ajili ya Burma, zenye picha ya hekalu na herufi B. Japani iliposhindwa mwaka 1945 zikabaki karatasi tu, na kwa kuwa zilichapishwa kwa wingi mno, hata leo si ghali. Susu alisema utotoni walizichezea duka. Moja ilikuwa na doa la kahawia. Mchuuzi angeapa kwamba ni tope la Kabaw. Mimi naona ni chai.

Mwanawe akaleta risasi ambayo bado haijafyatuliwa, akiwa na hakika kwamba hiyo ndiyo ingenifurahisha. Sikuigusa. Nilimwambia akawaite polisi waje kuichukua, maana kitu kama hicho kinaweza kuua, na kikikosa kuua kinaweza kukufunga.

Nyota ilikuwepo pia, utepe wake umeliwa na nondo. Nilikuwa naipiga picha nilipoona, karibu na mlango, sufuria ndogo ya jeshi yenye mkono wa kukunja. Niliigeuza. Chini yake mtu alikuwa amekwaruza namba yake ya jeshi kwa ncha ya kisu, na pembeni jina, herufi zikipanda na kushuka. Nyota haikumtaja, sufuria ilimtaja. Nilitaja bei, nikaongeza, nikaongeza tena.

"Hiyo siuzi," susu akasema. "Ndiyo kipimo changu cha ndengu. Nikikupa, wateja watasema nimebadilisha kipimo niwaibie."

Nilinakili namba na jina, nikaandika pia aliyoyakumbuka juu ya baba yake: kwamba hakupenda mvua, na kwamba wali hakuula tena. Nyota susu aliirudisha sandukuni. Mjukuu wake ataamua. Noti akanipa bure, kwa sharti ninunue ndengu. Akanipimia kwa sufuria ile ile, na bei akaniwekea ya Nairobi.