Sauti Nyembamba na Sauti Nene

Miaka michache iliyopita wanakwaya wetu wa Luena waliletewa fidla tatu kuukuu, pamoja na kijitabu cha mafundisho kilichoandikwa kwa Kiingereza. Ndugu aliyezileta alizipata Zambia. Kamusi zasema fidla; watu wetu husema violo, nasi hatugombani nao. Kilichotutaabisha ni kile kijitabu. Sisi tulifundishwa muziki seminarini kwa Kifaransa, watoto wetu husema Kiswahili, na wengi wao Kiluba nyumbani. Sasa akaingia Mwingereza na maneno yake. Tukakesha siku nyingi tukitafuta jina la kila kitu.

Mengine yalikuwa mepesi. Upinde ni upinde, na mtoto aliyeuona wa mwindaji hahitaji maelezo mengi. Mengine yalituchekesha. Kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi, Mwingereza hukiita daraja, Mfaransa hukiita farasi mdogo, nao Waflamandi, ndugu zao wale mapadri Wafransisko waliofanya kazi Kamina, hukiita kitana. Tulichagua daraja, kwa maana Luena ni mji wa reli, na farasi hatuna.

Majina ya sauti yalitaka uangalifu zaidi. Do, re, mi na wenziwe ni mali ya Kanisa. Mtawa Guido wa Arezzo, katika karne ya 11, aliona kuwa katika utenzi mmoja wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji karibu kila mstari huanza kwa sauti iliyo ngazi moja mbele ya ule uliotangulia; akatwaa silabi za mwanzo za mistari hiyo kuwa majina ya sauti. Ut ya kwanza ndiyo iliyokuja kuitwa do. Mwingereza huandika herufi. Hivyo nyuzi za fidla, ambazo kwetu ni sol, re, la, mi, kwake ni G, D, A, E. Hayo mtoto huyashika kwa siku moja. Lililo gumu ni kwamba do ya Wafaransa haihami mahali pake, lakini katika madaftari mengi ya kwaya za Tanzania, yafuatayo njia ya Mwingereza John Curwen wa karne ya 19, do huhama pamoja na wimbo. Mwenye kunakili wimbo wa jirani bila kujua hivyo atawakausha waimbaji wake koo, nasi twakiri kwamba tuliwakausha, tena siku ya Pasaka.

Lakini kosa letu kubwa lilitoka katika maneno mawili madogo ambayo hatukuyatafuta hata katika kamusi: juu na chini.

Kati ya wanafunzi wetu alikuwamo kijana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtulivu, mwenye vidole virefu. Siku moja alikuwa akipiga kwenye uzi wa la, nasi tukamwamuru, “Panda juu!” Akapanda, akaenda kwenye uzi wa re. Tukarudia kwa ukali, “Juu, nimesema!” Akazidi kupanda, akafika kwenye uzi wa sol, ulio mnene kuliko wote, ukanguruma. Wenzake wakacheka. Tukamwambia mbele yao wote kwamba hana sikio, na kwamba muziki haukuumbwa kwa ajili yake. Hakujibu neno, kwani mtoto aliyelelewa vema habishani na mwalimu wake. Akaiweka fidla chini polepole. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu.

Nyanya yake ndiye aliyetujia. Alikaa, akanywa maji, akauliza habari za watoto wetu, kisha akasema, “Baba Mwalimu, mjukuu wangu anasema ulimwambia apande, akapanda. Kosa lake ni lipi?”

Tulitaka kumweleza. Tukaitwaa fidla, tukaiweka begani, na papo hapo ulimi ukatukwama. Maana fidla ikiwa begani huinama upande wa kuume: uzi mnene ndio ulio juu, na uzi mwembamba ndio ulio chini. Mkono wenye upinde huinuliwa ili kuupata mnene, hushushwa ili kuupata mwembamba. Gita nalo ni vivyo hivyo. Tena iko fidla kubwa, ile isimamishwayo kati ya magoti, ambayo mkono hutelemka kuelekea sakafuni kadiri sauti ipandavyo. Kijana alikuwa ametii kwa macho na kwa mkono. Katika kuimba neno letu halikuwa limemdhuru mtu, kwani kooni hapana orofa ionekanayo.

Tukapiga nyuzi zote mbili ili bibi asikie. Akasema, “Hii ni sauti nene, hii ni sauti nyembamba. Kwa nini hukumwambia hivyo?”

Kwa nini, kweli? Sauti nene na sauti nyembamba ni maneno tuliyoyasikia tangu utotoni, tukayaacha mlangoni pa shule kama viatu vyenye matope. Ilikuwa hapa hapa kwetu, Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen na kwaya yake ya wavulana na walimu walipoimba Missa Luba, Sanctus yake ikifuata wimbo wa kuagana wa Kiluba. Misa ile haikuanzia kwenye karatasi; iliundwa kwa kuimbwa, sikio likifunza sikio. Sisi tulianzia kwenye karatasi, tena ya kigeni.

Jioni ile tukaenda nyumbani kwa kijana, tukamwomba radhi mbele ya baba yake. Kisha tukafuta juu na chini katika daftari zima. Hata pale kijitabu kisemapo upinde upande au ushuke, tulifuata Kifaransa: sukuma, vuta. Kijana alirudi baada ya majuma mawili.

Limebaki neno moja. Ndani ya fidla mna kijiti kidogo kilichosimamishwa kati ya mbao mbili bila gundi; kikianguka, chombo hupoteza sauti yake. Mwingereza hukiita nguzo ya sauti, Mfaransa hukiita roho. Katekista wetu alipinga: mti hauna roho! Tukaandika nguzo. Kiangazi kilichopita kijiti cha fidla moja kilianguka, na yule kijana akakaa alasiri nzima akikivua kwa waya uliopindwa, kupitia tundu la kando ya daraja. Kiliposimama alivuta upinde mara moja, akageuka, akasema, “Mwalimu, roho imerudi.” Katekista alikuwapo. Alikohoa tu, akatazama dirishani.