Barua kutoka Ngamiani: Vipodozi vya Binti wa Miaka 11

Mwanangu,

Huku wote wazima. Mguu wa baba yako umepungua uvimbe na anakwenda msikitini mwenyewe, na nyumba ya Makorora imepata mpangaji. Shangazi yako hakushika kalamu kwa ajili ya hayo.

Video ya harusi ilifika kwenye kundi la ukoo kabla bibi harusi hajatoka ukumbini. Binti yako, mjukuu wetu, yumo, miaka 11, kope za kubandika, fondesheni mpaka shingoni, lipstiki nyekundu. Watu wakamsifu sana. Lipstiki inafutika, na kwa hiyo peke yake shangazi yako asingekuandikia. Kilichomnyima usingizi ni maneno yaliyofika siku mbili baadaye, kwamba mtoto anapakwa krimu ya kopo, ile inayopimwa kwa kijiko sokoni, ili atakate uso kabla ya kuingia sekondari. Huenda ni uongo. Aliyeyaleta ana ulimi mrefu na shangazi yako anamjua tangu utotoni. Lakini ukweli unao wewe, basi unaulizwa wewe.

Usidhani ni chuki ya urembo. Katika ukoo huu hakuna awezaye kumwambia shangazi yako hivyo. Amewasinga maharusi wa mtaa huu kwa singo na liwa, amewatungia vikuba, amewaandika hina mpaka mgongo ukamuuma. Kama mambo yangekwenda kwa taratibu, hata kwenye harusi yako angeitwa yeye kabla ya yule fundi wa saluni. Limepita hilo, ingawa halijasahaulika. Zamani, hapa Tanga, msichana mdogo alipakwa hina ya majani kiganjani siku ya Idd, akaridhika. Wanja na rangi ya mdomo vilingoja mpaka awe na somo wa kumfundisha, mtu mzima anayemjua na anayewajibika kwa kila anachomwelekeza.

Sasa watoto wa umri wa mjukuu, Ulaya na Marekani, wanafundishana kwenye simu kupaka retinoli na asidi za kuondoa mikunjo ambayo hawana. Hali imewatisha hata wauzaji: mwaka 2024 maduka ya dawa ya Apotek Hjärtat nchini Sweden yaliamua kutowauzia walio chini ya miaka 15 vipodozi hivyo vikali. Na poda za kuchezea watoto nazo si za kuaminiwa kwa sababu tu boksi lina picha ya kipepeo. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilithibitisha kuwapo kwa asbesto katika vipodozi vya maduka ya Claire's, ambayo wateja wake ni mabinti wadogo.

Lakini sikiliza habari ya hina nyeusi, maana ilipotokea ulikuwa mdogo na huenda uliisikia nusu.

Mkesha wa Idd mmoja, binti wa miaka minane, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliandikwa maua mikononi. Hina ya majani inataka saa nyingi na rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu. Wenye haraka wanatumia piko, yaani ile rangi nyeusi ya nywele, kwa kuwa inakoza upesi na maua yanaonekana kama wino. Asubuhi mtoto alizunguka mtaa mzima akionyesha mikono. Baada ya siku chache ikaanza kumwasha. Kisha malengelenge yakatoka, nayo yalifuata mchoro wenyewe, ua kwa ua, jani kwa jani. Mama yake alimpaka mafuta ya nazi mpaka mikono ilipovimba, ndipo akampeleka hospitali. Vidonda vilipona, yakabaki maua meupe kwenye ngozi.

Miaka ikapita, binti akachumbiwa. Siku mbili kabla ya harusi akatiwa rangi nyeusi ya nywele saluni, rangi ya kawaida ya boksi. Alfajiri macho hayafunguki, uso umevimba, masikio yanatoka maji. Harusi ikasogezwa, na wakwe hawakulipokea vizuri. Daktari aliuliza swali moja tu: uliwahi kuandikwa piko utotoni? Ndani ya piko na ndani ya rangi nyingi za nywele mna kemikali moja, parafenilinidiamini. Mwili ukishaikataa mara moja, kwa kawaida unaikataa maisha yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2, na kwenye ngozi zimeipiga marufuku. Tangu 2011 maboksi ya rangi za nywele huko yana onyo kwamba bidhaa si ya mtu aliye chini ya miaka 16, na kwamba michoro ya hina nyeusi huongeza hatari ya mzio. Kwa hiyo wanaosema bibi wa Ngamiani amepitwa na wakati kwa kutaja umri wasome boksi.

Wanja nao uangaliwe. Ule wa jiwe mara nyingi una risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi kuliko mtu mzima. Anapaka jichoni, anajikuna, anakula mkate kwa mkono uleule.

Tena kuna jambo ambalo baba yako hapendi litajwe. Shangazi yako aliposwa akiwa na miaka 15, wakati kaka yake anaendelea na shule. Siku walipokuja wageni ndipo alipopakwa wanja na poda kwa mara ya kwanza, na mgeni mmoja akasema, ameshakuwa mtu mzima huyu. Hakuwa. Alikuwa amepakwa poda. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa umri huo kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba inapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwanamume anayemtamani mtoto ana hatia hata mtoto angepakwa dhahabu. Ila sisi tuliomzaa tusiwe wa kwanza kumvika sura ya utu uzima na kumsimamisha mbele ya kamera.

Turudi kwenye krimu. Mkorogo wa namna hiyo unaweza kuwa na haidrokwinoni, steroidi zinazoikondesha ngozi, na zebaki inayoharibu figo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata umekataza vipodozi vya zebaki, na tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, lakini kopo la kijiko halipiti popote. Likiwa na maandishi, tafuta maneno kama mercury, calomel au mercurous chloride. Likikuonya usiliguse ukiwa umevaa dhahabu au fedha, hiyo nayo ni dalili ya zebaki. Na ukijitetea kwamba krimu ni yako wewe, si ya mtoto, bado hujajitoa: zebaki huhama kwa mikono, taulo na shuka, na katika nyumba za namna hiyo, watu walipopimwa, wamekutwa nayo hata watoto wasiopaka.

Hina ya majani apakwe, tangu leo. Lipshaini kwenye sherehe, akifika 13, si vibaya. Rangi ya kucha ni ya likizo, shule isimrudishe nyumbani. Poda na wanja wa kutokea nje, 16, na afundishwe na wewe au aletwe huku. Kubadili rangi aliyozaliwa nayo, hapana, wala akiwa na miaka 40. Amechukua weusi wa mama yetu, na mama yetu alikuwa mzuri kuliko wote waliokaa baraza hii.

Mwache aje likizo ya Juni. Na leo hii piga picha ya maandishi ya nyuma ya hilo kopo, umtumie shangazi peke yake, si kwenye kundi la ukoo. Kama halina maandishi, asipakwe tena hata usiku huu, na mumpeleke hospitali akapimwe mkojo. Gharama ya kipimo itatumwa kutoka huku, usimwambie mumeo kwamba hakuna pesa.

Wasalaam,
Shangazi yako