Kanisa la Mabanzi na Kanisa la Miaka 800

Kwetu Makete, Tanzania, kanisa la mbao ni kanisa ambalo bado halijajengwa. Mwinjilisti atawaambia wageni, "Hapa tunasali kwa muda tu," na huo muda wenyewe una miaka 20 na ushee. Kuta zake ni mabanzi, yale maganda ya gogo ambayo mashine ya dingdong huyaacha pembeni ikishapasua mbao. Yamepigiliwa kwenye nguzo za mlingoti zilizochimbiwa ardhini. Juu bati, chini udongo ulioshindiliwa, nje rimu la lori limening'inizwa mtini, ndiyo kengele. Juni ikifika, upepo wa nyanda za Kitulo unapenya kwenye nyufa na kwaya inaimba imejifunika mablanketi. Usharika mzima unajua kwamba siku fedha zikipatikana hilo litavunjwa na la matofali litapanda. Hakuna atakayelilia.

Huku magharibi ya Norwei ninakoishi mambo yamegeuka. Katika bonde la Lærdal lipo kanisa la Borgund, ambalo miti yake ilikatwa karibu na mwaka 1180. Ni la mbao kuanzia chini hadi kileleni, jeusi kama sufuria la msibani, paa limekaa juu ya paa, na kwenye ncha za mapaa vimechomoza vichwa vya majoka. Ndani ni giza; vipo vitundu vichache tu juu kabisa ukutani. Watu wanavuka bahari kuja kulitazama, na ili uingie unakata tiketi. Ndugu na marafiki wa nyumbani wakinitembelea huwa nawapeleka, na swali la kwanza ni lile lile: "Mchwa je?"

Swali zuri, na jibu lake ni jepesi: Norwei hakuna mchwa. Mtu wa Morogoro au Tanga ana haki ya kuishia hapo na kurudi kwenye matofali yake. Sisi wa Makete haki hiyo hatunayo sana. Vijiji vyetu vingi viko juu ya mita 2,000, na kadiri unavyopanda kuelekea Kitulo mchwa nao wanapungua. Ng'oa nguzo iliyooza ya kanisa letu uiangalie vizuri. Imekufa kwa maji, pale pale inapoingia ardhini, kwenye kipande kisichozidi shubiri mbili. Juu yake ni mbao ngumu inayogonga, hapo pa kuingilia ni unga.

Wanorwei nao walipita njia hiyo hiyo. Makanisa yao ya kwanza ya mbao yalikuwa na nguzo za kuchimbia, na wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mashimo ya nguzo hizo chini ya kanisa la Urnes, ng'ambo ya mkono wa bahari uitwao Lustrafjord. Zilioza. Ndipo mafundi wakaacha kuchimbia. Wakapanga mawe, juu ya mawe wakalaza magogo manene yanayokatana kwenye pembe, na nguzo zikasimama juu ya magogo hayo, mguu mkavu. Mbao za ukutani hazikulazwa. Zimesimama wima, kila moja imeuma mwenzake kwa ulimi na mfereji, na chini zimezama kwenye mfereji wa gogo la msingi. Kiunzi kimefungwa kwa viungo vya kuchonga na vigingi vya mbao. Penye pembe panapohitaji kukazwa wameweka kitu wanachokiita goti, kipande kilichokatwa pale shina linapogeuka kuwa mzizi, ambapo mti umejipinda wenyewe tangu ukiwa hai. Fundi hakuupinda, aliutafuta msituni mpaka akaupata.

Kisha nje wakazungusha kibaraza chenye paa lake, ili mvua ipige huko na isifike ukutani. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na upenu mrefu kwa kazi hiyo hiyo. Kwenye kanisa la mabanzi upenu tunaufupisha ili kuokoa bati. Bati moja! Nguzo za upande mzima zinaoza kwa ajili ya bati moja, na mwezi wa Aprili maji yanayotiririka kutoka juu yanachimba mfereji miguuni mwa ukuta, tena tunaurukaruka tukiingia ibadani.

Halafu kuna mti wenyewe. Borgund imejengwa kwa paina, na sisi tunapanda paina, ila aina ni tofauti. Wao wana Pinus sylvestris. Sisi tuna Pinus patula, iliyoletwa kutoka Meksiko. Wao waliuacha uzeeke msituni, kwenye baridi inayoufanya unenepe kidogo kidogo mno, kisha wakatumia kiini chake chekundu kilichojaa utomvu. Sisi tunaukata ukiwa na miaka 10 au 12, kwa sababu ada ya shule haiusubiri mti. Mti wa umri huo ni mweupe karibu wote, kiini hakijajijenga. Na banzi ndilo ganda la nje kabisa la huo weupe. Kwa hiyo tumechukua sehemu iliyo dhaifu kuliko zote za mti uliokatwa bado mtoto, tukaisimamisha kwenye maji, halafu tukapitisha azimio kwamba mbao hazidumu.

Wala si kwamba elimu haijatufikia. Norwei ilisaidia masomo ya misitu pale Morogoro kwa miaka mingi, na Watanzania kadhaa wamesomea fani hiyo Ås, kusini ya Oslo. Mwulize bwana miti yeyote wa Njombe habari za kiini na unyevu, atakueleza kuliko mimi.

Tuje kwenye ule weusi wa Borgund, maana hapo ndipo wageni wangu huwa wanacheka. Si rangi ya dukani. Visiki na mizizi ya paina iliyojaa utomvu hupasuliwa vipande, hupangwa kwenye shimo lenye umbo la faneli, hufunikwa kwa majani na udongo, halafu huwashwa moto wa polepole, jinsi tunavyochoma mkaa. Tofauti ni kwamba wao hawangoji mkaa. Wanangoja kile kioevu kizito kinachochuruzika chini na kutokea kwenye bomba. Hicho hupashwa moto na kupakwa ukutani na kwenye vigae vya mbao vya paa wakati wa kiangazi. Upande wa kusini unaopigwa na jua huchakaa upesi, basi nao hupakwa mara nyingi zaidi. Siku ya joto ukiegemea ukuta unaondoka na alama mgongoni, na harufu yake unaenda nayo mpaka nyumbani.

Wageni wanacheka kwa sababu wanakijua kitu hicho. "Si ndiyo oili chafu hii?" Ndiyo yenyewe kwa shabaha, ijapokuwa kwa asili ni mbali. Nani kwetu amejenga bila kwenda gereji na dumu kuomba oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, akaipaka kwenye miguu ya nguzo kabla ya kuzisimamisha? Wazo ni lile lile: ziba vinyweleo vya mti, maji yasipate mlango. Kinachotutenganisha ni kwamba sisi tunapaka mara moja, siku ya kujenga, kisha dumu linatupwa. Borgund imekuwa ikipakwa, ikisahaulika kidogo, ikipakwa tena, vizazi kwa vizazi. Ukikwangua ukuta ule hukuti mbao, unakuta matabaka ya watu waliopanda ngazi na ndoo.

Na kulitunza kanisa hakukuachwa kuwa hiari. Sheria ya kale ya Gulating, iliyotawala magharibi hii ya Norwei wakati wa kujengwa makanisa hayo, ilisema kwamba nguzo za pembe za kanisa zikianguka, watu wawe wamefikisha miti kiwanjani kabla ya kupita miezi 12, la sivyo walipe faini kwa askofu. Naipenda sana sheria hiyo kwa sababu haizungumzii uzuri wala urithi. Inazungumzia miti, kiwanja na tarehe.

Hakuna taifa linalotushinda kujenga. Kila usharika una kamati ya ujenzi, una harambee, una mnada baada ya ibada ambapo kuku mmoja ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena mpaka anageuka mifuko mitano ya saruji. Askofu anakuja kuweka jiwe la msingi, anakuja tena kuzindua, ng'ombe anachinjwa. Ila kamati ya kupaka oili sijawahi kuisikia. Kazi hiyo haina mgeni rasmi. Hata kanisa la matofali likishazinduliwa, mfereji wa maji ya paa ukidondoka mwaka wa tatu, unabaki umedondoka hadi kizazi kingine kitakapoitisha harambee ya kujenga upya.

Wenzangu wa huku diaspora wakishafika hapa huanza ule wimbo wa "wenzetu wanatunza, sisi tunabomoa." Naomba tusimame kidogo. Makanisa haya ya nguzo yalikuwa, kwa makadirio, zaidi ya 1,000 nchini humu. Leo yamebaki 28. Mengine yaliachwa baada ya tauni ya 1349 kufagia vijiji, mengine yalioza, na idadi kubwa ilivunjwa na Wanorwei wenyewe katika karne ya 19, kwa sababu zile zile tunazozitoa sisi: dogo, baridi, giza, la kizamani. Mwaka 1851 ikaja sheria iliyotaka kanisa liweze kuingiza watu wasiopungua sehemu 3 kati ya 10 za wakazi wa parokia. Makanisa ya kale yasingeweza. Mashoka yakafanya kazi.

Kanisa la Vang lilinadiwa mwaka 1841. Mchoraji Johan Christian Dahl, Mnorwei aliyeishi Dresden, ndiye aliyehangaika kulinunua lisije likawa kuni, fedha zikatoka kwa mfalme wa Prussia, na vipande vyake vikapelekwa Berlin kwa meli. Mwishowe lilisimamishwa upya katika milima ya Silesia mwaka 1844, na liko huko hadi leo, katika mji wa Karpacz, Polandi. Nusu karne baadaye, kutoka Berlin hiyo hiyo, walikuja kwetu Ukinga na Ubena wamisionari wa Kilutheri. Walitufundisha kuchoma matofali.

Na Borgund yenyewe? Waumini walijengewa kanisa jipya jirani yake mwaka 1868, na hilo la kale likakabidhiwa chama cha kuhifadhi majengo ya kale, Fortidsminneforeningen, mwaka 1877. Limepona kwa sababu lilipata mlezi siku lilipokosa waumini. Ndiyo maana sioni aibu kusema kwamba kanisa letu la mabanzi, pamoja na nyufa zake, Jumapili lina kitu ambacho Borgund haina. Watu wamejaa mpaka nje, watoto wamekaa kwenye madhabahu, tunabanana. Usharika unaokua lazima upanue, na simlaumu mchungaji anayetaka kuta imara.

Ugomvi wangu uko kwenye matofali. Tunasema tunahama mbao, kumbe tunazila kwa mlango wa nyuma. Tanuri la matofali ya kanisa linameza kuni malori kwa malori, usiku na mchana, na kuni hizo ni milingoti na mipaina yetu. Kisha kuta zikisimama tunarudi msituni kutafuta kenchi na papi za paa. Sijapiga hesabu ya fundi, lakini nathubutu kusema miti inayoungua chini ya matofali hayo ingetosha kujenga kuta nene za mbao za kanisa zima na ikabaki. Wilaya inayoishi kwa paina, inayopakia mbao kwenye malori kwenda Makambako na Dar es Salaam kila siku ya Mungu, haina jengo moja la ibada la mbao linaloweza kuonyeshwa kwa mgeni kuwa hii ndiyo kazi yetu. Hilo linaniuma kuliko tiketi ya Borgund.

Mwaka jana usharika wa nyumbani ulianza kusomba mawe ya msingi wa kanisa la matofali. Kwenye kundi letu la WhatsApp nikatuma picha za miguu ya Borgund, zile nguzo juu ya magogo, magogo juu ya mawe, na maelezo marefu ambayo nina hakika nusu ya watu hawakuyasoma. Nilipendekeza la mabanzi lisivunjwe. Nguzo zikatwe juu ya pale palipooza, zikalishwe kwenye mawe, upenu urefushwe, mabanzi yabadilishwe pole pole kwa mbao za mti uliokomaa, zote zipakwe oili kila mwaka, iwe nyumba ya Sunday school na vikao vya jumuiya.

Ujumbe wa sauti ukaja kutoka kwa mzee mmoja wa kanisa, ambaye kwa ukoo ni mjomba wangu. "Mjomba, salama huko? Tumekusikia. Mawe tunayo, ni ziada ya msingi. Oili ipo gereji. Ila tuambie, hiyo ya kila mwaka atapaka nani?"

Nikamjibu kwamba jumuiya zinapeana zamu ya kufagia kanisa tangu nikiwa mtoto. Ziongezewe zamu moja ya ndoo na brashi, kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Akakaa kimya siku kadhaa. Kisha akasema atalipeleka jambo hilo kwenye baraza la wazee, ila hawezi kuahidi, maana kuna wanaotaka mabanzi hayo kwa ajili ya mabanda ya nguruwe. Wakati tunasubiri baraza, akauliza kama ninaweza kutuma fedha za bati za upenu, kwa sababu bei imepanda tena na upande wa mashariki mvua inaingia. Nimetuma.